Wilf Haslam Alipiga Baada ya Kengele

Kitendawili! Semeni tega. Jumamosi kavunjwa shingo, Jumapili anaimba kanisani.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Sitaki mji mkubwa, nipeni Ormsclough, kule Lancashire, penye viwanda vya ndara za manyoya na mvua isiyobisha hodi. Jibu ni Wilfred Haslam, mpiga mieleka. Lakini hadithi yenyewe ni ya mkewe, Edna, maana shingo ilikuwa ya Wilf na maumivu yalikuwa ya Edna.

Jumatatu asubuhi Edna alisimama kwenye foleni ya bucha akiwa na kikapu chake na kitambaa kichwani. Alipoingia, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Wanawake wakaanza kutazama soseji. Soseji zile walizitazama kwa makini kama vile zingewasemesha.

Zamu yake ikafika.

"Mbavu za kondoo, Bwana Tattersall, za watu watatu."

Bwana Tattersall akageuka, akaokota kitu chini ya meza, akakifunga kwenye karatasi, akakisukuma mbele. Edna akafunua pembe moja.

"Bwana Tattersall, huu ni mfupa."

"Ni mfupa, ndiyo."

"Mimi nimeomba mbavu."

"Denny Fairhurst naye aliomba mkono, Bi Haslam. Alipewa nini?"

Foleni nzima ikaguna. Hapo Edna akaelewa kwamba jambo la Jumamosi halikuishia kwenye televisheni. Nyumba zote za Ormsclough zilikuwa zimeketi saa kumi jioni, chai mkononi, zikimtazama Wilf wao. Wilf aliyekuwa stelingi wa mji tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi! Wilf wa kumwinua mpinzani aliyeanguka na kumpangusa vumbi! Kengele ya mwisho ikalia, kijana Denny akamnyoshea mkono wa heri, naye Wilf akaupokea, akatabasamu, akamtia kabali na kumpigiza kichwa kwenye nguzo ya ulingo.

"Baada ya kengele!" akasema mwanamke wa nyuma, na akalisema kama mtu anayetaja tusi mbele ya watoto.

"Na kijana wa watu keshampa mkono kwa moyo mweupe," akaongeza mwingine.

"Lakini nyie mnamfahamu Wilf," Edna akasema. "Ni mtu mpole. Si ndiye anayekuwa Baba Krismasi wa watoto wenu kila mwaka?"

"Ndiyo maana inauma," akasema Bwana Tattersall huku akifuta kisu. "Wangu mdogo alikaa kwenye mapaja yale."

Edna akaubeba mfupa wake. Njiani watoto walimzomea, na muuza maziwa, ambaye kila siku humwambia habari za goti lake, siku hiyo goti lake halikuwa na habari.

*

Nyumbani jikoni, huyo mwuaji alikuwa amefunga aproni ya mkewe, anakaanga vitunguu. Na mezani, akila pai ya nyama na viazi kwa kasi ya mtu anayeogopa kunyang'anywa sahani, alikuwa nani? Denny Fairhurst mwenyewe, na nywele zake za mawimbi, na shingo yake nzima kabisa.

Kila Jumatatu Denny huja kula kwa Edna. Huingia kwa uchochoro na mlango wa nyuma, kofia imemfunika hadi puani, maana watu wa kazi ile wana sheria yao: stelingi na adui wasionekane pamoja, wala kwenye gari, wala dukani, wala kwenye foleni ya samaki na chipsi. Wakisafiri gari moja, mmoja hushushwa kwenye kona kabla ya ukumbi, hata mvua ikinyesha.

"Nimepewa mfupa," Edna akasema, akauweka mezani.

"Mfupa mzuri," akasema Wilf. "Una mchuzi huo."

"Wilf! Nimetukanwa bucha nzima ikisikia!"

Wilf akageuka na mwiko mkononi, na haya usoni. Ila nyuma ya zile haya Edna aliona kitu kingine, kama mtoto aliyeficha pipi shavuni.

"Walisema nini hasa?" akauliza. "Walikasirika sana?"

"Wilf Haslam, unafurahi!"

"Sifurahi. Nauliza tu. Mtu mmoja Jumamosi alinirushia kiatu, Edna. Kiatu kizima, cha ngozi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunirushia hata kandambili."

"Mama Edna, usimlaumu," akasema Denny, mdomo umejaa pai. "Amenipiga vizuri ajabu. Sikuhisi hata—"

Mguu wa Wilf ukasafiri chini ya meza.

"—nilihisi maumivu makali sana," akamalizia Denny. "Hadi leo."

Hapo nitege kidogo tena. Wawili wanalala nacho kitanda kimoja, kila mmoja anakijua, hakuna anayekitaja. Ni nini? Ni lile neno. Neno kwamba nani atashinda hupangwa mapema, chumba cha kubadilishia nguo, kwa kikombe cha chai. Wilf hakuwahi kumwambia mkewe, maana kiapo cha kazi hakina mke. Edna hakuwahi kuuliza. Alijua, naye Wilf alijua kwamba anajua, na miaka yote alimkanda mgongo kwa maji moto na chumvi kama vile kweli umevunjika. Ilikuwa ndiyo adabu ya ndoa yao.

"Ni Bwana Pargeter," Wilf akasema kwa upole. Pargeter ndiye aliyekuwa akiandaa mapambano. "Kaniambia, Wilf, nywele zinatoka na tumbo linaingia. Mzee mwema watu wanamwonea huruma, mzee mwovu watu wanamlipia kiingilio. Ama nigeuke, ama nikalinde geti kiwandani. Nikaona nigeuke."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungenipikia kwa huruma. Mimi huruma inaninenepesha."

Edna alitaka kucheka, lakini mlango wa nyuma ukafunguliwa na binti yao Lorraine akaingia. Alikuwa ametoka kiwandani mchana ule, manyoya ya ndara yamemganda kwenye sweta, macho mekundu kama nyanya.

"Hakuna harusi," akasema, akaketi juu ya kofia ya Denny.

"Nini?"

"Bibi yake Trevor amekataa. Anasema mjukuu wake haoi nyumba ya mtu anayepiga baada ya kengele. Trevor kaja hadi getini kuniambia. Kalia, nami nimelia, na mlinzi wa geti naye kalia, halafu honi ikapigwa tukarudi kazini."

"Na Trevor mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ananipenda, atazungumza na bibi yake, na tayari amezungumza naye na amekataa." Lorraine akajipangusa kwa mkono. "Kanisa limeshasema Jumamosi ijayo, mama! Gauni liko kabatini! Baba, hukuweza kumpiga kabla ya kengele, kama watu wenye akili?"

Wilf akatazama vitunguu vyake. Vilikuwa vinaungua, naye hakuvigusa.

Trevor Sugden alikuwa kijana mzuri, fundi wa saa, mkono wake mwepesi kama wa malaika, ila uti wa mgongo alikuwa ameuacha kwa bibi yake. Bi Clarice Sugden ndiye aliyemlea. Na mji mzima ulimjua Bi Sugden. Kila Jumatano, siku ya mieleka ukumbi wa mji, safu ya mbele, kiti cha kati, koti jeusi na mwavuli wenye mpini wa kichwa cha bata. Maadui kutoka hadi Scotland walikuja Ormsclough wakiujua ule mwavuli kwa jina. Refa asipoona uhalifu, Bi Sugden ataona, na hukumu yake haina rufaa.

Ndipo hodi ikapigwa. Mlango wa mbele.

Watu wa Ormsclough huingiliana kwa mlango wa nyuma. Wa mbele ni wa daktari, polisi na jeneza. Wote wanne wakatazamana.

"Ni yeye," akanong'ona Lorraine. "Huo ni mwavuli unaobisha."

"Denny!" Wilf akasema. "Chooni!"

Choo kilikuwa nje, mwisho wa ua wa nyuma, kama nyumba zote za mtaa ule. Denny akatoka mbio na sahani yake ya pai. Hakukubali kuiacha.

*

Bi Sugden aliketi chumba cha mbele, kile cha wageni, kwenye ncha ya kiti, mwavuli magotini. Edna akamletea chai katika vikombe vyenye waridi.

"Asante, sinywi."

Lorraine akashika ukuta. Kwa watu wale, mgeni akikataa chai ametangaza vita.

"Nimekuja kusema kwa kinywa changu, ili isisemwe nilituma mtu," akasema Bi Sugden. "Binti yako simchukii. Ana mikono ya kazi. Lakini mwanamume anayeshika mkono wa mwenzake kwa tabasamu halafu anampigiza nguzoni, huyo nitaketi naye vipi meza moja? Nikimpa kisu akate keki, nitageuza mgongo?"

"Bi Sugden, Wilf ni mtu wa—"

"Nilimshangilia mimi! Sauti imenikauka kwa ajili yake! Jumatano ile alipotolewa damu puani nilipanda juu ya kiti, na miguu hii unaiona. Sasa wale wanawake wa safu ya pili wananiuliza, Clarice, mkwe wenu hajambo? Wananiuliza wakicheka."

Edna alikuwa na dawa mdomoni. Maneno machache tu: ni maigizo, Bi Sugden, wamepanga. Angeyasema, na Lorraine wake angeolewa. Akafungua kinywa. Mlangoni alikuwa amesimama Wilf na sahani ya biskuti katika mikono ile mikubwa, wala hakutikisa kichwa kumkataza. Alitazama tu chini, kama mtu anayengoja kuvuliwa nguo mbele za watu. Edna akamtazama na mwanamke yule mkongwe, mjane, na ule mwavuli, na zile Jumatano.

"Chukua biskuti, Bi Sugden," akasema.

"Sitaki biskuti. Nataka kujisaidia. Safari ilikuwa ndefu na baridi imenipata. Kiko nyuma?"

Familia nzima ikasimama kwa pamoja.

"Kimeharibika!" akasema Edna.

"Kina nyoka!" akasema Lorraine.

"Nyoka? Ormsclough?"

"Mdogo," akasema Lorraine kwa unyonge.

Lakini Bi Sugden alikuwa ameshapita jikoni, yuko uani, anatembea kama askari, na mwavuli mbele. Akavuta mlango wa choo. Denny Fairhurst alikuwa ameketi juu ya kifuniko, sahani mapajani, uma hewani, shavu moja limevimba pai.

Uani kwa jirani shati lilidondoka kutoka kambani.

"Mwanangu!" Bi Sugden akalia. "Wamekufungia humu!"

Denny alimtazama Wilf. Na Wilf, ambaye mwili wake ulikuwa umefanya kazi ile kabla akili haijavaa viatu, akatoa mngurumo ambao Edna hakuwahi kuusikia ndani ya nyumba yake.

"Haaa! Umemwona! Ni mfungwa wangu! Hatoki hapa hadi anisujudie!"

Akamrukia Denny, akamvuta shingo, na Denny akapiga mayowe huku akiiweka sahani taratibu chini isivunjike. Wakazunguka uani, wakapindua ndoo, wakajiviringisha kwenye shuka la Edna lililokuwa kambani. Madirisha ya mtaa yakafunguka pah pah pah. Watu wakapanda juu ya kuta. Bwana Tattersall mwenyewe, aliyekuwa akipeleka nyama nyumba ya tatu, akatokeza kichwa na kofia yake ya majani juu ya ukuta.

"Mwachie kijana, we jambazi!"

"Kamfungia chooni! Jamani, kamfungia chooni!"

"Mpe, Clarice! Mpe!"

Bi Sugden akauinua mwavuli kwa mikono miwili. Wilf aliuona ukija, na akafanya alichofanya maisha yake yote: akasogeza bega ili pigo litue panapofaa. Lakini mguu wake ulikanyaga pai. Akateleza, bega likaenda zake, kichwa kikabaki njiani, na kichwa cha bata kikakutana na kichwa cha Haslam. *Ko!*

Akaanguka chali katikati ya vipande vya viazi.

Mtaa ukalipuka. Denny, maskini, kwa mazoea akapiga magoti akaanza kuhesabu kwa kupiga kiganja chini, na kuta zote zikahesabu pamoja naye hadi kumi. Kofia zikarushwa. Bwana Tattersall alikuwa akilia waziwazi.

Bi Sugden alikuwa ameinua mwavuli juu, anageuka huku na huku, anapokea makofi. Kisha akatazama chini. Akangoja kidogo. Akainama, akasema kwa sauti ya ndani, upande wa mdomo:

"Wilfred. Inatosha sasa. Amka, mwanangu, watu wameshaona."

Wilf hakuamka.

"Wilfred? Mbona haamki? Mimi nililenga bega! Yeye ndiye kateleza! Wilfred, usinifanyie hivi, amka!"

Edna alikuwa ameshafika, amepiga magoti na kitambaa chenye maji. Akainua uso. Wale wanawake wawili wakatazamana juu ya mwili wa Wilf, na mwavuli ukashuka polepole.

"Nimesema nini?" akauliza Bi Sugden.

"Hujasema kitu, Bi Sugden."

"Nilidhani hivyo."

Wilf akafungua jicho moja. Pale kwenye paji kulikuwa kumeota nundu kubwa kama yai la bata, na hapana haja ya kusema bata alitoka wapi.

"Nani kashinda?" akauliza.

*

Walipomlaza kwenye kochi la wageni, na watu wametawanyika kwenda kusimulia, Bi Sugden alikunywa chai. Alikunywa vikombe viwili, na biskuti akala.

"Mimi nakaa safu ya mbele, Edna," akasema. "Watu wananitazama mimi kwanza ndipo watazame ulingo. Adui akiozesha binti kwangu nami sijamgusa, wataniona nimenunuliwa kwa sandwichi za harusi. Sasa nimemgusa."

"Umenigusa sana," akasema Wilf kutoka kochini.

"Nawe ulipaswa kunipa ishara mapema kwamba unageuka. Nimekaa kando ya ulingo Jumamosi na bango langu lina jina lako. Nililipaka rangi kwa mkono!"

"Siruhusiwi, Bi Sugden."

"Najua huruhusiwi. Nasema tu imeniuma." Akafuta makombo. "Basi Jumamosi ijayo Trevor wetu ataoa. Ila msitegemee nitakusalimu hadharani. Nikikukuta barabarani nitakutemea mate."

"Nitashukuru sana," akasema Wilf.

Denny, ambaye kwa wakati huo alikuwa chini ya meza kwa kuwa mtu alikuwa akipita dirishani, akauliza kama pai imebaki.

*

Jumamosi kanisa lilijaa hadi ngazi za nje. Edna alisimama safu ya mbele na kofia mpya ya buluu na glavu mikononi. Alijua walichojia. Nusu ya watu wale hawakuwa wamealikwa. Bwana Tattersall alikuwa amekuja na familia nzima, na yule mtoto wake mdogo amesimamishwa juu ya benchi ili aone vizuri.

Kinanda kikaanza. Mlango ukafunguka. Lorraine akaingia, mweupe kama maziwa, mkono wake umeshika wa babaye, na Wilf katika suti iliyombana kifua, nundu yake imegeuka kijani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Buuu."

Akasema kwa hofu, maana ni kanisani. Mwingine akamsaidia. Ikapanda safu kwa safu, buuu, buuu, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na mzee mchungaji akainua mikono akisema jamani, jamani, hii ni nyumba ya Mungu, na akainamisha uso kwenye kitabu ili asionekane anacheka.

Wilf alisimama. Edna aliuona mgongo wake ukijikunja kwa aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya binti. Angeweza kuwaomba radhi wote pale pale, na walikuwa tayari kumsamehe. Na Jumatano hakuna ambaye angelipa kiingilio kuja kumzomea.

Lorraine akamvuta mkono. Kanisa zima lilikuwa likimtazama, naye akainua shela kidogo.

"Baba," akasema, "wape kidogo."

Wilf akamtazama. Ndipo akageuka, akatoa meno, akakunja ngumi chini ya pua ya Bwana Tattersall, na kumkoromea hadi kofia ya bucha ikaanguka. Kelele zikapasua paa! Mtoto wa Tattersall akapiga makofi na mayowe kwa furaha. Bi Sugden, upande wa pili, akasimama juu ya benchi kwa miguu ile ile na kutikisa mwavuli, na Trevor mbele ya madhabahu alikuwa akicheka hadi amemshika mchungaji bega.

Edna peke yake alikuwa amenyamaza. Alimtazama mume wake akija kati ya safu, tumbo mbele, nywele chache zimelazwa kwa maji, akizomewa na kila mtu aliyewahi kumpenda, na akaona jinsi alivyokuwa akitembea polepole, ili kila benchi lipate zamu yake.

Akavua glavu. Akaweka viganja viwili mdomoni.

"Buuuu!" Edna akapaza sauti, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. "Buuuu, Haslam! Toka hapa, mzee mwovu! Buuuu!"

Wilf aliisikia. Kati ya sauti zote zile aliisikia, maana alisimama palepale kana kwamba amepigwa tena. Akamgeukia mkewe, akamkunjia uso mbaya kuliko yote, akamwonyesha ngumi, na akakaa nayo hewani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, mpaka machozi yaliyomlengalenga yakakauka.